Siku Niliyosema Umeota

Ndanu, mwaitu,

Mama yako amekwisha kukuambia kuhusu blanketi, kuhusu maji ya kunywa na kuhusu wasichana wa kukaa nao chumba kimoja. Hapo sina la kuongeza. Nakuandikia ukiwa bado Mbooni kumuaga shangazi yako. Nimefunga bucha mapema na kuketi hapa mezani, na mama yako ameshaniuliza kama naumwa. Kesho asubuhi unaenda Eldoret kusomea mashine za hospitali, na kuna jambo ambalo wewe na mimi tunalijua lakini hatujawahi kulizungumza. Nimejaribu kulisema kwa mdomo. Jana tulipokuwa tunafunga sanduku lako nilitaka kuanza, nikaishia kukuuliza kama umebeba chaja.

Mwanzo wake hukuujua, kwa sababu ulikuwa mtoto wa darasa la sita. Uliona mwisho tu. Acha nianze na mimi.

Mwaka ule niligunduliwa kuwa na presha. Nilikuwa nakata nyama, kichwa kikaniuma hadi nikaona mizani mbili mahali pa moja. Hospitalini wakanipima, wakashangaa kwamba bado natembea. Wakati huo kulikuwa na watu wa utafiti hapa Mutomo. Walikuwa wanajaribu dawa mpya ya presha, kidonge kimoja ndani yake dawa tatu, ili waone kama kinamsaidia mtu kuliko vile vidonge vya kila siku. Waliniketisha, wakanieleza kwa Kikamba na kwa Kiswahili, wakaniuliza kama nakubali kwa hiari yangu. Nikakubali. Nilipewa kisanduku cheupe cha dawa, na mashine ndogo ya kupimia presha nyumbani. Unafunga kitambaa mkononi, unabonyeza, kinajaa hewa na kubana, kisha mashine yenyewe inatuma kipimo kwao kupitia simu. Mimi sikuwa na haja ya kuandika chochote.

Mwaitu, ile mashine ilinivimbisha kichwa. Mimi niliyeacha shule mapema sasa nilikuwa na chombo kinachozungumza na madaktari. Niliiweka kwenye kaunta ya bucha, karibu na mizani, mteja akija nampima. Watu wakaanza kuniita Daktari, nami nikawa naitika. Siku moja nesi wa utafiti akanipigia simu.

"Mzee Musembi, leo asubuhi presha yako ilikuwa ya mtu wa kupelekwa hospitali mbio, ikawa ya kijana, ikarudi juu tena. Uko sawa?"

Nikacheka, nikamwambia nilikuwa napimia majirani. Hakucheka. Akaniomba kwa heshima nisifunge kitambaa kile kwenye mkono wa mtu mwingine, kwa sababu kule wanakoona, kila kipimo ni cha Musembi. Nikasema sawa, sista. Lakini nilichobaki nacho kichwani ni kwamba mashine ile haijui mkono ni wa nani.

Sasa kuhusu shangazi yako. Unajua Syombua ndiye aliyenilea. Mama yetu, ambaye wewe umebeba jina lake, ndiyo maana nakuita mwaitu, mama, alipofariki, mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, na mgongo ulionibeba ulikuwa wa Syombua. Aliacha shule kwa sababu yangu. Alipanda na kushuka zile njia za Mbooni na mimi nyuma, na kuni juu ya kichwa. Hakuna kitu nilichotaka zaidi maishani kuliko siku moja kumfanyia jambo kubwa. Yeye pia alikuwa na presha, ya miaka mingi kuliko yangu. Nilipompigia simu na kumwambia nimeingia katika utafiti wa dawa mpya, alikuja Mutomo ili naye aandikishwe.

Walimpima damu na mkojo. Siku ya majibu nilikuwa naye. Nesi alituita ndani, akafunga mlango, akasema polepole, "Mama, figo zako zimechoka. Presha imeziumiza kidogo kidogo. Dawa hii tunayojaribu inaweza kuzimaliza. Hatuwezi kukuingiza. Endelea na dawa zako za kliniki, na tutakuandikia daktari wa kukufuatilia."

Nimekuandikia maneno hayo yote ili ujue kwamba niliyasikia. Wengine nimewaacha waamini kwamba hatukuelezwa. Tulielezwa vizuri, kwa lugha yetu, mlango ukiwa umefungwa.

Tulipotoka nje Syombua akasema, "Kumbe hata dawa humkataa mtu." Alisema kwa kucheka, lakini uso ulikuwa umeanguka. Mimi nikawaka. Niliona wamemdharau dada yangu kwa sababu ni mama wa shambani. Nikamwambia figo ni kisingizio, hawa watu wana watu wao. Akanijibu, "Musembi, si yule msichana amesema vizuri tu?" Nikamwambia aniachie mimi.

Kabla hajapanda gari kurudi nilimpa nusu ya kisanduku changu. Nilimwambia zile za kliniki aweke kando, hizo ni za zamani. Na kila mara nilipochukua kisanduku kipya, nusu ilipanda Mbooni, nawe uliniona nikiifunga.

Nusu iliyobaki haikunitosha. Nikawa nameza leo, kesho naruka. Presha yangu ikaanza kupanda na nesi akaanza kupiga simu: "Mzee, unameza kila siku?" Namwambia kila siku. Niliogopa wataniita, watajua, watachukua mashine, na soko zima litasema Daktari amefukuzwa. Ndipo nikakuita.

Hilo unalikumbuka. Nilikuwa nakuita kabla hujaenda shule, "Ndanu, njoo umsaidie baba," nakufunga kile kitambaa. Ulikuwa unacheka kikianza kubana. Ulifikiri najali afya yako. Hata ulimwambia mwalimu wako kwamba baba yako anakupima kila asubuhi, na mwalimu akanisifu. Wiki iliyofuata nesi akapiga simu akiwa na furaha. "Mzee Musembi, dawa imekukubali kabisa!" Nami nikamshukuru.

Nataka nikuambie kuhusu Abdi, kwa sababu ukimwona sasa unamsalimia tu kama mtu anayetuletea mbuzi. Abdi naye alikuwa katika utafiti ule. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia alifunga, na hakuweza kumeza dawa asubuhi kama tulivyoagizwa. Alikwenda mwenyewe hospitalini akawaambia siku alizoruka na siku alizomeza usiku baada ya kufuturu. Nilimcheka pale pale kwenye boma la mbuzi. "Wewe unajishtaki mwenyewe? Nani angejua?"

Akanitazama kama mtu ambaye hajaelewa swali. "Si wao waliuliza?" akasema. Kisha akaendelea kunionyesha meno ya mbuzi ili nijue umri wake.

Miezi ya kwanza Syombua alinisifu kwa watu wote. "Kichwa kimenyamaza," alikuwa akiniambia kwa simu. "Sasa napanda mlima bila kupumzika." Nilikuwa nalala vizuri. Halafu msimu wa joto ukaja, akaharisha siku kadhaa, akawa hawezi kula. Miguu ikavimba. Hakuniambia, na mimi sikuuliza. Majirani ndio walionipigia, wakiwa wamemshusha mlimani kwa boda boda, mtu mmoja nyuma akimshika asianguke. Walimpeleka hospitali kubwa ya kaunti. Mama yako alibaki na bucha na kaka yako mdogo, shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda na wewe.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alikuwa amesimama upande mmoja wa kitanda, mimi na wewe upande mwingine. Akauliza, "Mbali na dawa za presha za kliniki, kuna kitu kingine anachotumia? Dawa yoyote. Hata ya kienyeji, hata ya kupewa na mtu. Ni muhimu sana, kwa sababu figo zake zimeanguka ghafla na sijui ni nini kimeziangusha."

Nikasema, "Hakuna. Ni zile za kliniki tu."

Na wewe ukasema, "Baba, na zile za kisanduku cheupe?"

Uliniuliza kwa upole, kana kwamba nimesahau na unanikumbusha. Daktari akakugeukia. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi, Ndanu. Mlango ulikuwa wazi na wewe ndiye uliyeufungua, nami nikaufunga. Nikasema, "Daktari, usimsikilize mtoto. Hakulala vizuri njiani, ameota." Kisha nikakwambia kwa Kikamba, kwa ile sauti ninayomwitia mbwa, unyamaze.

Ukanyamaza. Ulitazama viatu vyako. Shangazi yako alikuwa macho. Alinitazama, akageuza uso ukutani, na hakusema neno, kwa sababu hata katika hali ile alikuwa bado ananilinda.

Kesho yake moyo wake ulianza kupiga vibaya. Damu ilikuwa imejaa uchafu ambao figo zilipaswa kuutoa. Wakamweka kwenye mashine ya kusafisha damu. Waliniita nisimame karibu naye ili asiogope, na mimi ndiye niliyeogopa. Nimechinja maisha yangu yote, naijua damu, lakini sijawahi kuona damu ikitoka kwa mtu kupitia mrija, ikazunguka ndani ya mashine na kurudi mwilini ikiwa bado ya moto. Syombua alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya shuka, na nikaona jinsi ulivyo mdogo.

Nilitoka nikamfuata daktari hadi nje, kwenye bomba la maji alipokuwa ananawa. Nikamwambia yote: kisanduku, figo tulizoonywa, nusu kwa nusu. Alisikiliza hadi mwisho. Hakunikemea. Alisema tu, "Mtoto alisema jana."

Nikamuuliza, kama ningesema jana, ingesaidia?

"Sijui," akasema. "Tungejua tunapigana na nini. Tungeanza mapema." Akafunga bomba akaenda kubadilisha matibabu.

Figo hazikurudi. Najua umewahi kutaka kuniuliza kama ni ile siku moja iliyoziua, au ni vidonge, au zingekufa hata hivyo siku nyingine. Nimemuuliza kila daktari niliyekutana naye na hakuna aliyenipa jibu la kulala nalo. Nimeacha kuuliza. Niliona kwamba nauliza ili niambiwe si mimi.

Tuliporudi Mutomo nilikwenda kwa watu wa utafiti na ile mashine ndani ya mfuko. Nilitegemea watanifokea, na nilitaka wanifokee. Mkubwa wao alikuwa mzee mwenye miwani. Nilimweleza kuhusu dawa, kisha nikamweleza kuhusu mkono wako, na hapo nilishindwa kumtazama. Akanieleza jambo ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza. Alisema wao hawana njia nyingine ya kuijua dawa ila kwa sisi tunaoimeza. Wanaweka vipimo vya wanaomeza dawa mpya kando ya vipimo vya wanaomeza dawa za kawaida, na mahali vinapotofautiana ndipo wanapoisoma. "Ukiniambia dawa inafanya kazi na kumbe ni mkono wa mtoto," akasema, "kuna mtu mahali fulani, hatakujua, atapewa dawa kwa sababu yako." Vipimo vyangu vingeondolewa. Halafu akaagiza nipimwe na nipewe matibabu yangu ya kawaida, wasije wakaniacha na presha. Nilipokuwa natoka akaniambia asante kwa kuja. Asante hiyo mpaka leo sijui niiweke wapi.

Nilifikiri nimemaliza. Niliungama kwa daktari, nikaungama kwa watafiti, nikamwomba dada yangu msamaha nikiwa nimepiga magoti, akaniambia niinuke, natia watu aibu. Kumbe kulikuwa na mtu mmoja niliyemruka.

Ulipokuwa darasa la nane mwalimu mkuu aliniita. Kuna kijana alimpiga mwenzake kwa jiwe, damu ikatoka, na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo. Wengine walikutaja kama shahidi. Ulipoulizwa ukasema hukuona. Njiani tukirudi nikakuuliza kwa nini, na ulinijibu bila hasira yoyote, "Nikisema nitaambiwa nimeota."

Tulitembea hadi nyumbani. Nilikuwa na njia nzima ya kukuambia, na nikakuonyesha mtu aliyekuwa anachimba mtaro.

Tangu hapo nimekutazama ukikua ukiwa mkimya, na watu wananisifu kwamba nina binti mwenye adabu. Ulikuwa unatumia likizo zako kumsindikiza shangazi yako kwenye mashine ya kusafisha damu. Wengine waliosindikiza wagonjwa walichoka kumsikia fundi wa mashine zile akieleza, wewe ukakaa. Ulijua kengele ya mashine inalia kwa sababu gani kabla nesi hajafika. Nakumbuka ulivyokuja nyumbani ukachukua chujio la chai na sufuria ukanieleza kwamba ndani ya kile kichujio cha mashine kuna mirija myembamba kuliko nywele, damu inapita ndani, maji yenye dawa yanapita nje, na uchafu unavuka ukuta lakini damu haivuki. Uliongea siku ile kuliko ulivyoongea mwaka mzima. Nilikaa nikifikiri: huyu mtoto ametafuta kitu ambacho kikiona tatizo kinapiga kelele, na hakuna wa kukiambia kinyamaze.

Labda sivyo. Labda unapenda mashine tu. Mzazi mwenye aibu hujiona katika kila kitu.

Mwaka jana watu wa utafiti walirudi kutupa majibu, kama walivyoahidi. Walitukusanya katika ukumbi wa kanisa. Mimi sikualikwa kwa jina, lakini Abdi aliniambia twende. Nikakaa nyuma. Wakasema kile kidonge kilishusha presha vizuri kuliko dawa za kawaida, kwamba waliokimeza ni wachache zaidi waliopata kiharusi, na kwamba kwa wenye figo dhaifu kina hatari na wasipewe. Wakasema pia kuna waliowaambia ukweli kwamba walimeza usiku badala ya asubuhi, na kwamba kwa sababu hiyo sasa wanajua usiku pia hufaa. Abdi alikuwa amekaa mbele yangu, akakuna kichwa. Hakugeuka kunitazama. Ningefurahi kama angenicheka.

Kidonge hicho sasa kinatolewa pale kliniki. Daktari wangu amenipa, ndicho ninachotumia. Kila asubuhi nakimeza na chai. Kimepatikana kwa watu waliofunga kitambaa kwenye mikono yao wenyewe, wakaugua wakasema, wakaruka wakasema. Mimi sikuchangia hata tone, lakini kinanishushia presha sawasawa na wao. Sijui neno la kueleza jinsi inavyokuwa kuponywa na uaminifu wa majirani zako ulioucheka.

Nakuandikia leo kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Mchungaji alikusimamisha mbele ili kanisa likuombee. Akakuuliza, "Ndanu, ni nini kilikufanya uchague mashine za hospitali?" Uliniangalia kwanza. Niliona. Watu walifikiri unamtazama baba yako kwa upendo. Halafu ukasema, "Shangazi yangu aliugua figo." Ukaishia hapo, kanisa likasema amina, na mimi nikasema amina pamoja nao, kwa nguvu.

Ulikuwa unanifunika mbele ya watu, mtoto wangu. Na ni mimi niliyekufundisha, siku ile kando ya kitanda, kwamba heshima ya baba inalindwa kwa kunyamaza. Uliona sawa siku ile. Hukuota. Ulikuwa na akili kuliko watu wazima wote ndani ya kile chumba, na mimi nilikufanya mwongo mbele ya daktari ili mimi nisionekane mwongo. Na ule mkono niliokuwa naufunga kitambaa ulikuwa wangu kuulinda. Hukukosea chochote kwa kunipa. Nasikia ulipokuja kuelewa kwamba mkono ule ndio ulioficha safari za dawa zangu, ulimwomba shangazi yako msamaha. Yeye ndiye aliyeniambia, na alikuwa analia. Usimwombe mtu yeyote msamaha tena kwa jambo hilo.

Huko unakokwenda watakuuliza swali lile lile. Wenzako watauliza, walimu watauliza, labda siku moja mtu atakayekuajiri. Usiwaambie kwamba shangazi yako aliugua tu. Waambie kwamba baba yako, Musembi, mwenye bucha Mutomo, alionywa na hakusikia, akampa dada yake dawa isiyokuwa yake, na alipoulizwa akadanganya. Nitaje kwa jina. Mama yako anajua kwamba nakuandikia haya, na nimemwambia mchungaji kwamba Jumapili ijayo, ukiwa umekwisha kuondoka, nitaomba nafasi nisimame mbele ya kanisa nimalizie lile jibu lako.

Baba yako,
Musembi